Ifahamu Briar: Unachati bila namba ya simu, hata bando likiisha

Briar ni programu ya bure ya kutumiana meseji kwenye simu za Android, iliyotoka rasmi mwaka 2018. Haikuombi namba ya simu wala barua pepe. Unachagua jina na neno la siri, basi.

Tofauti yake na WhatsApp ni kwamba haina seva kuu. Meseji hukaa kwenye simu yako na ya mwenzako tu. Intaneti ikiwepo, hupitia mtandao wa Tor, unaoficha nani anachati na nani. Ikikatika, simu zilizo karibu huendelea kuwasiliana kwa Bluetooth au Wi-Fi.

Rafiki aliye karibu unamuongeza kwa kuskani msimbo wa QR. Aliye mbali, mnatumiana linki.

Ila usiri huo una gharama. Meseji hufika mkiwa hewani wote wawili, labda uweke Briar Mailbox kwenye simu ya ziada ikupokelee. Kwenye iPhone haipo.

Kubwa zaidi: ukisahau neno la siri au ukifuta programu, akaunti imekwenda. Hakuna wa kumpigia akurudishie, kwa sababu hakuna seva iliyobaki na nakala.