Neno "Ada"

"Ada", neno lililotujia kutoka Kiarabu kwa maana ya desturi, tangu zamani limekuwa pia jina la ujira apewao mganga au mwalimu, maana malipo (nani asiyejua?) hufuata mazoea kuliko thamani ya kazi. Mfano ni huko Marekani: Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa kawaida haikumlipa tabibu bingwa aliyemtazama mgonjwa kwa video ila mgonjwa awe yuko shamba, tena ameketi zahanatini. Machi 2020, kwa sababu ya korona, masharti hayo yakalegezwa, na mgonjwa akatibiwa nyumbani kwake kwa ada ile ile ya ana kwa ana. Wengine sasa hutaka bingwa alipwe kwa mwezi, kwa kila mgonjwa aliye chini ya uangalizi wake, amwone asimwone. Malipo hayo, kwa rai yangu, ni mshahara, si ada.