Askofu Njiru: Dayosisi ilimegwa au ilizaa?

Tunaposimulia jinsi dayosisi mpya zinavyopatikana, kitenzi kinachotujia haraka ni 'kumega'. Sasa, kumega ni jambo la tonge la ugali: kinachomegwa hupungua. Je, neno hili linamfaa Askofu Silas Silvius Njiru?

Njiru alizaliwa mwaka wa 1928 huko Kevote, Embu, miaka 26 baada ya Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, kufika nchini. Alipadrishwa mwaka wa 1955, wakati wa hali ya hatari, Misa ingali ikisomwa kwa Kilatini. Mwaka wa 1975 aliteuliwa askofu msaidizi wa Meru. Mwaka uliofuata Askofu Lawrence Bessone, Mwitaliano wa Consolata, akafariki. Njiru akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi hiyo.

Na hebu fikiria ukubwa wake! Ilianzia Embu na Mbeere, ikapitia Tharaka na Meru, ikashuka hadi Isiolo kwa Waborana. Mkulima wa kahawa na mfugaji wa ngamia walikuwa na askofu mmoja, na lugha ya kuwakutanisha ni Kiswahili.

Mwaka wa 1986 Papa Yohane Paulo II aliunda Dayosisi ya Embu, askofu wake wa kwanza akiwa John Njue, ambaye alifanywa kardinali mwaka wa 2007. Mwaka wa 1995 Isiolo nayo ikajitenga.

Msomaji, usilipite hili la Embu. Kevote, alikozaliwa Njiru, kuliangukia upande wa pili wa mpaka. Yeye akabaki Meru, akiwahudumia watu ambao si wa kwao, hadi alipostaafu mwaka wa 2004 na kumwachia Salesius Mugambi kiti. Katika nchi ambayo kiongozi hupimwa kwa ukubwa wa ngome yake ya nyumbani, hilo si jambo dogo.

Alifariki Aprili 28, 2020, kutokana na Korona, akiwa na umri wa miaka 91. Alifia wapi? Kumbe ni huko huko eneo la Torino, walikotoka waliomletea imani.

Basi ukitaka kuandika historia yake, chagua kitenzi kwa makini. Ukisema 'ilimegwa', umehesabu ardhi. Ukisema 'ilizaa', umehesabu watu. Kinachomegwa hupungua, anayezaa huongeza ukoo.