Mzee Kawawa na Ada ya Wadogo Zake

Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa mzee mmoja wa kwetu aliyetangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumemchagua Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita. Huenda wengine wakauliza kuna jipya gani la kusema juu yake. Jina lake limo katika vitabu vya historia, na sisi tunaoishi Dar es Salaam tunapita Barabara ya Kawawa karibu kila siku. Tunaandika kwa sababu vijana wetu wanavijua vyeo vyake kuliko wanavyojua alivyoanza, na huko alikoanza ndiko kunakotuhusu zaidi sisi wanachama.

Mzee Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Namtumbo. Wakati huo kwetu kote kulihesabiwa kuwa Songea. Namtumbo haikuwa wilaya mpaka mwaka 2002. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa mwindaji wa tembo. Kijana Rashidi alisoma Dar es Salaam, kisha akaenda Tabora, shule ya serikali iliyokuwa ikipokea vijana wachache mno kutoka nchi nzima. Aliyefaulu vizuri Tabora aliweza kuendelea Makerere, Uganda, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo kikuu.

Nafasi ya Makerere aliipata, akaiacha. Aliamua kutafuta kazi ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Tungeomba kila mwanachama asimame kidogo hapo. Mtu ambaye baadaye aliongoza serikali ya nchi hakuwa na digrii. Elimu yake aliikata mwenyewe ili ya wadogo zake isikatike. Kwa desturi za kwetu kaka mkubwa ni baba wa pili, na yeye alianza ubaba kabla hajawa na watoto wake wa kumzaa.

Kazi ya kwanza ilikuwa ukarani wa hesabu katika idara ya ujenzi ya serikali. Baadaye alihamia ustawi wa jamii, na huko ndiko alikoingia katika sinema. Miaka ya mwanzo ya 1950 zilipotengenezwa filamu za Kiswahili za kuelimisha wananchi, Kawawa alikuwa mwigizaji mkuu. Wazee walioiona Muhogo Mchungu walimjua kwa sura kabla hawajamjua kwa siasa.

Karani huyo hakunyamaza kazini. Alikuwa rais wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1956 akaacha kazi ya serikali ili awatumikie wafanyakazi na TANU bila kujificha. Mwenye ndugu wanaomtegemea anajua uzito wa kuuacha mshahara wa uhakika, tena wakati ambao hakuna aliyejua uhuru ungekuja lini.

Vyeo vilivyofuata tutavitaja kwa ufupi. Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na nchi akamwachia Kawawa, kijana wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1964, baada ya Muungano, akawa Makamu wa Pili wa Rais. Kuanzia 1972 hadi 1977 alikuwa tena Waziri Mkuu. Vita vya Kagera vilimkuta akiwa Waziri wa Ulinzi. Mwaka 1982 akawa Katibu Mkuu wa CCM, kazi aliyoishika hadi 1990.

Hatutamtendea haki marehemu tukisema kila alichosimamia kilipendwa. Mwaka 1962, yeye aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi ndiye aliyeongoza serikali iliyotunga sheria ya kubana migomo. Alikuwa Waziri Mkuu wakati wa Operesheni Vijiji, na wapo wazee wetu waliohamishwa kutoka kwenye mashamba na makaburi ya babu zao ambao hadi leo hawalisemi jambo hilo kwa furaha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Kwetu hilo liliuma kwa namna ya pekee, kwa kuwa wakulima wa tumbaku walikuwa na ushirika wao wa Wangoni na Wamatengo tangu miaka ya 1930, na wengi walisomesha watoto kwa fedha zilizopitia humo. Ushirika uliruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mzee alikuwa mtekelezaji: chama kikishaamua, yeye alihakikisha linafanyika. Sifa hiyo ilimpa heshima, na ilimpa lawama pia.

Lakini mikono hiyohiyo ilitekeleza jambo ambalo wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki ni matunda yake. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kuagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto awe na nafasi katika shule ya msingi. Waziri Mkuu alikuwa Kawawa. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na walimu wengine walifunzwa wakiwa tayari wanafundisha. Mapungufu yalikuwepo, tena mengi. Hata hivyo watoto wa vijiji vya mbali kama Matepwende waliingia darasani bila kungoja kaka mkubwa aache chuo ili awalipie.

Nyumbani alikuwa na Bi. Sofia Kawawa, mwanamke ambaye hakuishi kwa jina la mumewe. Alipanda katika Umoja wa Wanawake, UWT, hadi akawa Mwenyekiti wake. Mwaka 1988 alitaka sheria za ndoa zitazamwe upya, hasa kuhusu ndoa za wake wengi. Maandamano makubwa yalizuka Zanzibar na watu wakapoteza maisha. Wakati huo mumewe ndiye Katibu Mkuu wa chama. Nyumba moja ilibeba mizigo miwili mizito ya umma, na kila mmoja aliubeba wa kwake. Bi. Sofia alifariki mwaka 1994. Utumishi haukuishia kwa wazazi: mwaka 2005 mwana wao Vita alichaguliwa kuwa Mbunge wa Namtumbo.

Mzee Kawawa alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, nje kidogo ya jiji. Wapo waliotamani alale kwetu. Sisi tunaona kwamba mtumishi aliyeitumikia nchi nzima ana haki ya kulala popote katika nchi hiyo. Kwetu Ruvuma amebaki kwa njia nyingine. Nyumba yake ya Bombambili, Songea, imekuwa makumbusho, na tunawahimiza wanachama wanaokwenda likizo wawapeleke watoto wakaione.

Sasa tuje kwenye harambee yetu. Wapo wanachama wanaosema elimu siku hizi ni bure, hivyo mfuko wa elimu umepitwa na wakati. Ni kweli ada ya shule za msingi na sekondari za serikali imefutwa. Ila mtoto anayetembea kilomita nyingi alfajiri hadi sekondari ya kata bado anahitaji bweni. Msichana anayepanga chumba mtaani kwa kukosa bweni yuko hatarini kuliko darasa lolote linavyoweza kumkinga. Aliyepata nafasi ya chuo bado anahitaji nauli, godoro na fedha ya kujikimu kabla mkopo haujaingia. Mfuko wetu unatazama mapengo hayo.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi viongozi wa chama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi wasiwe na mishahara miwili, wasimiliki hisa katika makampuni wala nyumba za kupangisha. Kamati hii haidai kuishi kwa Azimio, ila inakubali kwamba fedha ya watu si ya kiongozi. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu zote zitasomwa mbele ya mkutano mkuu.

Ndugu zetu, miongoni mwetu hakuna anayeombwa kuacha chuo kama Rashidi alivyoiacha Makerere. Tunaombwa sehemu ya mshahara wa mwezi mmoja, mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya wadogo zetu. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee wetu na Bi. Sofia, na atupe moyo wa kutoa.