Jagari, WITCH na miaka ya rock kule Zambia

Boom limekata lakini pumzi bado ipo. Wiki hii sina stori za kantini wala za foleni ya fotokopi, nimekuja na historia. Chanzo chake ni ubishi wa chumbani. Rumeti wangu alinikuta nasikiliza magitaa yanayonguruma akasema nizime huo muziki wa wazungu. Nikamuuliza kama anamjua Jagari. Hamjui. Basi nikaona pengine na nyie wengine hammjui, na huyu mzee ni jirani yetu kabisa, hata treni ya TAZARA inapita mji aliozaliwa.

Jina lake kamili ni Emmanuel Chanda. Kazaliwa Kasama, kaskazini mwa Zambia, mwaka 1951, akakulia Kitwe kwenye ukanda wa shaba. Jina la Jagari lilitoka kwa Mick Jagger wa Rolling Stones. Mashabiki walimfananisha na Jagger kwa vile alivyokuwa anaruka jukwaani, naye akalichukua jina na kuliwekea irabu mwishoni ili likae vizuri mdomoni kwa watu wake. Sisi tunaosema bendi, redio na basi hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa tuiweke hadithi kwenye wakati wake. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Ilikuwa nchi ya shaba, na bei ya shaba ilikuwa nzuri. Miji ya Kitwe, Ndola, Chingola na Luanshya ilijaa wafanyakazi wa migodi wenye mishahara, na kampuni za migodi ziliwajengea kumbi za starehe na michezo. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda akatangaza kwamba serikali inachukua asilimia 51 ya migodi. Yaani ebu fikiria, wewe kijana wa miaka 18, nchi yako mpya, baba au kaka yako ana mshahara wa mgodini, mjini kuna kumbi, redio inakuletea Beatles, Jimi Hendrix na James Brown. Utafanya nini kama si kutafuta gitaa?

Ndivyo walivyofanya. Mwanzoni bendi nyingi zilikuwa za kukopi tu. Unasikiliza wimbo redioni, unaandika maneno haraka haraka kabla haujaisha, mengine unabuni, wikiendi unaupiga ukumbini. Jagari alianza hivyo hivyo akiwa bado mwanafunzi, akipita bendi za vijana wa Kitwe, mojawapo Black Souls. Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Kumbukeni pia kwamba gitaa la umeme, spika na drams vilikuwa vitu vya bei mbaya, na kijana wa kawaida hakuwa navyo. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mpigaji ni mwajiriwa wake. Wazee wa muziki wa dansi wa hapa Dar watakuambia habari hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 likazaliwa kundi la WITCH. Jina ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumedhamiria kuzua vurugu", na vurugu zenyewe walizizua kweli. Jagari aliimba, Chris Mbewe gitaa la solo, John Muma rizimu, Gedeon Mwamulenga besi, Boidi Sinkala drams, na baadaye Paul Mumba akaingia kwenye kinanda. Santuri yao ya kwanza, Introduction, inahesabiwa kuwa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za bendi ya Zambia kutoka na kuuzwa. Zikafuata In the Past (1974), Lazy Bones!! (1975), Lukombo Vibes (1976) na Including Janet (1977). Albamu tano ndani ya miaka michache, na katikati ya hizo wako barabarani, mji hadi mji.

Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Amanaz waliotoa albamu ya Africa mwaka 1975. Kulikuwa na Paul Ngozi na Ngozi Family yake, jamaa aliyekuwa anapiga gitaa kwa meno, si mchezo. Kulikuwa na Keith Mlevhu, Chrissy Zebby Tembo, The Peace, na Rikki Ililonga wa Musi-O-Tunya. Hao Musi-O-Tunya wana undugu na sisi wa Afrika Mashariki, maana albamu yao ya Wings of Africa waliirekodi Nairobi. Hata jina lao Mswahili analinusa kwa mbali: ni lile la maporomoko ambayo wakoloni waliyaita Victoria, na maana yake ni moshi unaonguruma. Moshi ni moshi wadau, kwetu na kwao.

Muziki wenyewe ukapewa jina la Zamrock, na anayetajwa kulitunga ni mtangazaji wa redio Manasseh Phiri. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia huko chini. Zamrock ilikuwa gitaa lenye mikwaruzo ya Hendrix, lakini chini yake ngoma zinazunguka kwa mwendo wa nyumbani. Waliimba Kiingereza, Kibemba, Kinyanja. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nyumbani kulivyozidi kusikika. Msikilize Paul Ngozi wa mwishoni mwa miaka ya 70 utaona ameshaanza kuhamia kwenye kalindula.

Hapa ndipo nataka kubishana na rumeti wangu kwa hoja za darasani. Kaunda alikuwa na falsafa yake ya ubinadamu wa Kizambia kama Mwalimu alivyokuwa na Ujamaa. Wote wawili walitaka utamaduni wa taifa usimame. Lakini angalieni tofauti. Hapa Dar es Salaam, Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku, na kabla ya hapo, kuanzia Januari 1969, Operesheni Vijana ilipambana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Muziki ulipimwa kwa sura yake: huu unafanana na wa Marekani, basi si wetu. Zambia katika miaka ya 70 Kaunda aliagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa Kizambia. Swali la pale lilikuwa nani kaupiga. Ukiwa Mzambia na gitaa lako limejaa mikwaruzo, umo. Kwa hiyo amri ambayo mtu angedhani ingeiua rock, ikawa mlango wa vijana wa rock kuingia redioni. Kaunda mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, pengine hilo nalo lilisaidia.

Kwa hiyo muziki wa wazungu ni upi? Gitaa la umeme halikutoka Kitwe, sawa. Lakini hata tarumbeta na saksafoni za NUTA Jazz hazikutoka Ilala, na hakuna anayesema Msondo ni muziki wa wazungu. Chombo kinakuwa cha anayekipigia watu wake wakaelewa.

Haya, raha haikudumu. Januari 1973 Ian Smith alifunga mpaka wa Rhodesia na Zambia, na hata alipotaka kuufungua Kaunda akakataa, ukabaki umefungwa hadi 1978. Njia ya shaba kwenda baharini upande wa kusini ikakatika. Ndiyo maana reli yetu ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa suala la kufa na kupona, wala haikuwa pambo la kisiasa. Halafu mwaka 1975 bei ya shaba ikaporomoka. Bei hiyo ndiyo iliyokuwa inalipa mishahara, na mishahara ndiyo iliyokuwa inalipa kiingilio na santuri. Ongezea vita vya ukombozi vya majirani: Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, na ndege na makomando wa Rhodesia wakawa wanavuka kushambulia. Mwanamuziki na mtangazaji mkongwe Alick Nkhata aliuawa kwenye shambulio la namna hiyo mwaka 1978. Usiku ukawa wa wasiwasi, na bendi inaishi kwa usiku.

Jagari aliliona hilo mapema. Mwaka ule ule wa 1977, au karibu yake, akaiacha WITCH akaenda kuwa mwalimu wa muziki. Pigeni picha, mwimbaji maarufu kuliko wote nchini anaacha jukwaa kwa ajili ya chaki. Lakini hesabu yake inaeleweka. Ualimu ulikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, bendi haikuwa nao. Wenzake waliendelea bila yeye wakageukia disko, wakatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Kisha kanda za kudurufu zikamaliza soko la santuri, kimya kikaanza.

Hapa nina wazo langu, mnaweza kunipinga. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikapita majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Polisi nao walikuwa na bendi, JKT nayo. Wanamuziki wale walilalamika kuwa chini ya taasisi, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini bendi ilikuwa na mahali pa kulala mvua ikinyesha. Vijana wa Zamrock walikuwa huru zaidi, na walipoanguka hakukuwa na kitu cha kuwadaka. Uhuru wao ulisimama juu ya bei ya shaba, na hiyo bei ilipangwa London.

Halafu likaja la tatu, baya kuliko yote. Ukimwi uligundulika Zambia mwaka 1984, na kizazi cha Zamrock kilikuwa kwenye umri ule ule uliopigwa zaidi. Sitaandika nani alikufa kwa nini, hiyo ni siri ya familia zao. Nasema tu kwamba hesabu ya mwisho inauma: katika kikosi cha asili cha WITCH, Jagari ndiye pekee aliyebaki hai. Paul Ngozi naye alifariki 1989. Na yule mtangazaji Manasseh Phiri niliyesema tutamrudia? Alikuja kuwa daktari, na Zambia inamkumbuka zaidi kwa kupambana na ukimwi. Mtu aliyekipa kizazi chake jina la kujivunia, miaka mingi baadaye akawa anajaribu kukiokoa. Ningekuwa mtunzi wa riwaya nisingethubutu kuiandika hivyo, watu wangesema nimetia chumvi.

Jagari katika miaka hiyo alifundisha, akaokoka, na baadaye akaenda kuchimba vito. Ndiyo, mtoto wa ukanda wa shaba akarudi kwenye kuchimba ardhi. Huku nyuma, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wananunuliana santuri za WITCH kwa bei ambazo mpigaji mwenyewe hakuwahi kuziona. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazitoa upya albamu zao. Mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu bendi, na Jagari alikuwa amesharudi jukwaani akiwa na vijana wa Kiholanzi pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi zile za disko. Mwaka 2023 ikatoka albamu ya Zango, iliyorekodiwa Lusaka, miaka 39 baada ya Kuomboka. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo. Mzee ana zaidi ya miaka 70 na bado anaruka.

Na kwa wale wa rap: ule wimbo wa Noid wa Tyler, the Creator wa mwaka 2024, sauti na gitaa mnazozisikia mle ndani ni za Ngozi Family, zilizopigwa mwaka 1977. Mnaucheza hapa hosteli kila Ijumaa mkidhani ni kitu cha California.

Mimi nafurahi kwamba Jagari amevuna akiwa hai, lakini furaha hiyo ina mwiba. Wenzake hawakuvuna kitu. Na waliowakumbuka kwanza walikuwa wanunuzi wa mbali, kwa sababu wao ndio waliotunza santuri. Nyumbani zilichakaa, zikatupwa. Sisi wanafunzi wa historia tunajua tarehe za mikutano ya OAU kwa kichwa, ila mjomba aliyekuwa anapiga besi kwenye bendi ya mkoa hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Kwa hiyo likizo hii, ukienda Morogoro, Tabora, Tanga au Mbeya, mtafute mzee mmoja aliyewahi kupiga. Mnunulie soda, washa simu, mrekodi. Muulize vyombo vilikuwa vya nani, walilipwa shilingi ngapi, nani alikuwa mpiga solo na yuko wapi leo. Msiseme mtaenda mwakani, hawa wazee hawatusubiri.

Haya, UE zinakaribia na desa halijasomwa. Rumeti ameomba nimrushie Lazy Bones!! kwenye simu yake, mengine jazieni wenyewe. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.