Mala hailali

Duka la Lodwar, pakiti imeandikwa "mala", kifupi cha maziwa lala. Jina tamu, ila lina uongo kidogo: usiku kucha hakuna kinacholala humo. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, ndiyo ule ukali wa ulimini. Tanzania husema mtindi. Wasomali wa Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, wana suusac yao ya maziwa ya ngamia. Sasa wauza vidonge wametuletea "probayotiki", yaani vijidudu hai, hasa bakteria, waliothibitishwa kuufaa mwili. Utumbo huweza kufaidika, na huenda kinga nayo, kwani askari wake wengi wamepiga kambi humo humo. Si kila mala imefikia cheo hicho. Na ukiichemsha, umewaua wote.