Bampa Imeng'oka: Bima ama Fundi wa Grogan?

Wasee, bampa ikigongwa leo, wa kwanza kupigiwa simu ni fundi, si kampuni ya bima. Hii tabia ina historia.

Sheria yetu, Sura ya 405, ni ya enzi za mkoloni na inafuata ile ya Uingereza ya 1930. Inakulazimisha kukatia bima watu utakaowaumiza ama kuwaua barabarani. Gari lako halimo. Kwa hivyo mwenye bima ndogo hana hata la kuamua, anashuka Grogan moja kwa moja.

Mwenye bima kubwa naye anapiga hesabu. Sehemu ya kwanza ya hasara anatoa mfukoni, na kama ni kijana ama leseni ni mpya, anaongezewa nyingine (ndio, sisi). Halafu akidai, punguzo la mwaka ujao linaenda. Taa moja na rangi kidogo? Lipa fundi yaishe.

Lakini kubwa ni imani. Kenya National Assurance, kampuni ya serikali kabisa, ilianguka 1996. United ikawekwa chini ya msimamizi 2005, Blue Shield 2011. Wenye madai waliachwa wakingoja, na wazazi wetu walikuwa wanaona.

Mimi kwa bampa niko na fundi. Lakini mtu akiumia, hata kidogo, ripoti polisi na uambie bima siku hiyo hiyo. Usimpee elfu tano kando ya barabara muachane. Anaweza kurudi na wakili, na kampuni itauliza mbona ulinyamaza.