Vifaru usiku: Mafunzo ya kuona bila kuonekana

Msafara wa kijeshi unaotoka jijini Mwanza kwenda Kagera kwa barabara hupita Buhongwa, hufika Usagara, kisha hukata kulia kuelekea Kigongo. Hadi Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, magari yalivuka ziwa kwenda Busisi kwa kivuko. Kuongoza magari mazito katika njia kama hiyo ni kazi hata mchana. Kuyaongoza usiku taa zikiwa zimezimwa huhitaji mafunzo maalumu.

Majeshi husafiri usiku ili kumficha adui idadi ya magari na mwelekeo wake. Hata hivyo, giza linalomficha dereva ndilo linalomnyima uwezo wa kuona.

Mafunzo huanzia kwenye jicho, ambalo huhitaji takriban dakika 30 kuzoea giza. Mwanga mkali wa ghafla huliharibia mazoea hayo, ndiyo maana askari wengi husoma ramani kwa tochi ya mwanga mwekundu. Hufuata mwendo wa msafara, ambapo kila dereva huongozwa na taa ndogo zilizofunikwa, nyuma ya gari lililo mbele yake. Katika baadhi ya majeshi taa hizo hupangwa ili dereva akikaribia mno azione zimetengana, na akibaki nyuma azione zimeungana.

Kifaru aina ya Type 59 kilichotengenezwa China, ambacho Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilikitumia katika Vita vya Kagera, huendeshwa na askari wanne: kamanda, dereva, mpiga mzinga na mpakia makombora. Dereva huketi chini, mbele, na huona sehemu ndogo tu ya njia. Kamanda aliye juu ndiye humwelekeza. Penye daraja au kivuko, askari mmoja hushuka na kuongoza kwa miguu.

Darubini za usiku husaidia, lakini hupunguza upana wa kuona na humfanya dereva ashindwe kukadiria kina cha shimo.

Thamani ya mwendo wa usiku ilionekana Lukaya, Uganda, ambako barabara ya Kampala hupita katikati ya kinamasi. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201 ya JWTZ ilirudishwa nyuma na majeshi ya Idi Amin na Libya. Usiku huo Brigedi ya 208 ilizunguka ubavuni, na alfajiri ya Machi 11 Watanzania walianza kujibu mashambulizi.